Pindueni Kepi Kwanza
(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi)

Wazee wetu, wamama, ndugu wote, jambo yenu.

Mtu akikuletea kepi ya zamani ya kijeshi, macho yanakimbilia nembo. Muuzaji analijua hilo. Ndiyo sababu mimi nembo naiacha mwisho: kuibandua na kubandika nyingine ni kazi ya dakika chache. Na hapa kwetu kila mmoja anatafuta nembo za misalaba ya shaba za Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, maana serikali ile ilidumu toka Julai 1960 hadi Januari 1963 tu, na vitu vyake ni haba. Penye haba, mafundi hawalali.

Basi pindueni kofia. Ndani kuna mkanda wa ngozi unaokaa kwenye paji la uso. Kofia iliyovaliwa kweli, jasho limekolea mbele kuliko nyuma, ngozi imekakamaa, doa limepenya hadi kwenye kitambaa. Anayeizeesha kwa chai au rangi ya viatu hupaka sawasawa mzunguko mzima. Funueni mkanda polepole: juu uzee, chini hakuna doa hata moja.

Halafu mshono. Wabadilishaji wa dola wana ile taa ndogo ya urujuani ya kukagulia noti. Iazimeni, mmulike gizani. Dawa za kung'arisha weupe zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na uzi wenye dawa hizo unawaka buluu. Lakini msikimbilie kuhukumu! Sabuni ya unga ina dawa zilezile, kwa hiyo kofia halali iliyofuliwa na shangazi nayo itawaka. Kikiwaka kitambaa kwa mabakamabaka, shukuni sabuni. Ukiwaka uzi peke yake, na kofia inasemwa ni ya kabla ya vita hiyo, shukuni fundi. Kama kuna uzi uliochomoza, na kofia ni yenu, ukateni kidogo muuchome. Pamba inaacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuwa kishanga kigumu, nayo ilianza kuenea madukani miaka ya 1950. Kofia inayosemwa ni ya 1935 haiwezi kuwa imeshonwa nayo.

Sasa nembo. Ikikaa miaka mingi, kitambaa chini yake hubaki na rangi iliyokoza, kwa umbo lake hasa. Mkikuta kivuli cha duara chini ya nembo ya mraba, au matundu ya ziada, ilibadilishwa. Someni na kaulimbiu ya nchi kwenye nembo, kama ipo: Zaire, jina la zamani la Kongo hii, iliandika Paix, Justice, Travail (Amani, Haki, Kazi), ile ya Katiba ya 2006 inaanza na Justice. Chui wa kwenye nembo hatawasaidia, yupo kote kuwili.

Kofia ya kweli yenye nembo ya uongo msiitupe. Lipeni bei ya kofia tupu, nembo mrudishieni mwenyewe.