Nani Anamgeuza Usiku? Mhadhara juu ya kupokea wema wa kusanyiko dogo

Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji, wazee wa kanisa, mashemasi, akina mama wenzangu na vijana wa makusanyiko yote mliofika hapa Ilemela, nawashukuru kwa kunialika. Mada niliyopewa ni huduma ya kanisa kwa waliofikwa na shida. Mara nyingi mada hii huzungumzwa na watu waliosimama upande wa kutoa; mimi naomba niizungumze nikiwa upande wa kupokea, kwa sababu huko ndiko nilikokaa muda mrefu, na kwa sababu naamini kwamba kusanyiko lisilojua mtu anajisikiaje anapopokea haliwezi kutoa vizuri, hata likiwa na kikapu kilichojaa.

Sisi watu wa ziwa tunaijua misiba mikubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, mamia wakapoteza maisha, na makaburi ya wengi wao yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya kisiwani Ukara. Watu zaidi ya 200 walikufa, na waliowahi kuokoa walikuwa wavuvi wa palepale na mitumbwi yao. Nchi nzima ilisimama, yakatangazwa maombolezo ya siku nne, michango ikaja kutoka kila upande, na ndivyo ilivyopasa. Lakini iko shida nyingine ambayo redio haiitangazi na bendera haipepei nusu mlingoti kwa ajili yake, nayo ni ile ya mgonjwa mmoja aliyelala ndani ya chumba kimoja, wiki baada ya wiki, hadi hata majirani wenye huruma wanasahau kuuliza hali. Shida ya namna hiyo inaonwa na watu wachache tu, na ni juu ya wachache hao ninataka kuzungumza.

Mume wangu alipatwa na kiharusi mwaka uliofuata kustaafu kwetu. Sote wawili tulikuwa walimu, tulikuwa tumehamia kijiji kimoja cha ufukweni upande wa Kayenze, hatukuwa na ukoo hapo. Mimi ni mzaliwa wa Singida na yeye wa Tabora, na watoto wetu wanafanya kazi mbali. Alilazwa Bugando, hospitali ambayo tangu mwaka 1971 imekuwa tegemeo la watu wa kanda yote hii, na huko alihudumiwa, akapona kiasi cha kuruhusiwa kurudi nyumbani akiwa amepooza upande wa kulia. Bima tulikuwa nayo, nami naishukuru. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 nilifurahi kwa moyo wote. Hata hivyo bima hailipii mtu wa kuteka maji, wala wa kufua mashuka kila asubuhi, wala wa kumwinua mwanaume mwenye mwili mkubwa asiyeweza kujiinua. Kazi hizo zinamwangukia aliye karibu, na aliye karibu nilikuwa mimi peke yangu.

Kanisa letu pale kijijini ni dogo. Jumapili ya kawaida hatuzidi watu 60, na wengi wetu tunaishi kwa dagaa: wanaume wanavua, wanawake wananunua, wanaanika juu ya mchanga na kupeleka soko la Mwaloni, Kirumba. Tuliporudi kutoka hospitalini walikuja akina mama kutusalimu pamoja na shemasi wetu, mama mmoja mwanika dagaa ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba. Wageni wengi waliotangulia walikuwa wameniuliza, kwa upendo wa kweli, kama nina shida yoyote, nami nilikuwa nimewajibu wote kwamba tunaendelea vizuri. Shemasi huyu hakuniuliza hivyo. Alimtazama mgonjwa, akatazama kitanda, kisha akauliza, "Mwalimu, nani anamgeuza usiku?"

Naomba tulitafakari swali hilo, kwa maana ndilo kiini cha yote ninayotaka kusema. Mtu anayeulizwa ana shida gani anaombwa afanye kazi mbili ngumu kwa mara moja: akiri kwamba ameshindwa, kisha apange mwenyewe nani amsaidie na kwa kiasi gani. Aliyezoea kujitegemea, na sisi walimu ndivyo tulivyo vijijini, atajibu kwamba hana shida, na muulizaji ataondoka akiamini ametimiza wajibu. Lakini aliyeulizwa nani anamgeuza mgonjwa usiku hana pa kujificha, kwa sababu swali lina jibu moja tu, na jibu hilo halimdhalilishi. Nilijibu kwamba ninamgeuza mimi. Waliomuuguza mtu wa kiharusi wanajua kwamba asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi huanza kuchubuka na vidonda vya kulalia vikitokea ni vigumu mno kupona. Shemasi alijua jambo hilo kwa sababu alimuuguza mama yake mzazi. Akahesabu kwa vidole mara ninazoamka kwa usiku mmoja, akasema kwamba mwanamke wa umri wangu hataweza, na kwamba watalizungumza.

Walichokipanga kilifuata mwezi angani. Ninyi wa ufukweni mnajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza; mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, na kwa wiki moja au zaidi mitumbwi hukaa nchi kavu. Ni siku za ukata, kwani fedha haiingii, sadaka inapungua, na duka la kijiji linaandika madeni. Basi katika siku hizo hizo, ambazo hakuna mtu angewalaumu kama wangesema hawana cha kutoa, wavuvi wa kanisa letu walikuja nyumbani kwangu wawili wawili, wakalala sebuleni kwenye mkeka, wakaamka kumgeuza mume wangu, wakamsafisha kwa heshima kama mtu anavyomhudumia baba yake. Giza liliporudi nao wakarudi ziwani, zamu iliwaangukia wanaume wa nchi kavu: mwinjilisti wetu, dereva mmoja wa bodaboda, kijana wa kidato cha nne aliyekuja na madaftari yake, na jirani yetu fundi cherehani, Mwislamu, ambaye hakuwa mtu wa kanisa lile lakini alimwambia shemasi kwamba usiku wa Alhamisi ni wake. Mchana walikuwepo akina mama. Sikupewa fedha nyingi katika kipindi kile, na sidhani kwamba kusanyiko lilikuwa nazo. Nilipewa usingizi, na kwa hali niliyokuwa nayo hakuna kitu kingine ambacho kingenifaa zaidi.

Mpango kama ule unawezekana katika kusanyiko dogo kwa sababu kila mtu anajua saa za mwenzake. Wazee wa Kisukuma walilijua jambo hili kabla ya makanisa kufika, maana vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao, chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, wakaenda kulima pamoja shamba la mwenye kuhitaji. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki nao, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliamua kuzifanya jumuiya ndogondogo kuwa jambo la kwanza katika kazi zao, na hadi leo jirani zetu Wakatoliki wakiuguliwa, jumuiya ndiyo inayofika kabla ya parokia. Sisemi kwamba kanisa kubwa la mjini halina upendo. Nasema kwamba hata kanisa kubwa linapomfikia mtu, linamfikia kwa mikono ya wachache wanaojua mlango wake.

Sasa niseme juu ya ugumu wa kupokea, kwa sababu upo na hauondoki kwa kuambiwa ushukuru. Tumehubiriwa mara nyingi neno la Bwana ambalo Paulo aliwakumbusha wazee wa Efeso, kwamba ni heri kutoa kuliko kupokea, na mpokeaji aketiye kanisani akilisikia anaweza kudhani kwamba yeye amekosa heri hiyo. Wahubiri wetu wangetusaidia kama wangelisoma pamoja na waraka wa Paulo kwa Wafilipi. Huko Paulo huyo huyo ni mfungwa anayepokea vitu alivyoletewa na Epafrodito. Anasema wazi kwamba amejifunza kupungukiwa na kuwa na vingi. Anapokea bila kujidharau, anashukuru bila kujikunyata, na anawaambia Wafilipi kwamba zawadi yao ni sadaka inayompendeza Mungu. Mtume aliyekuwa tegemeo la wengi alikubali kutegemea wengine, wala utume wake haukupungua.

Kusanyiko letu lilinisaidia kupokea kwa mambo mawili ambayo nayasifu kwa dhati. Kwanza, hawakusoma majina. Katika harusi na misiba yetu tumezoea kutangaza nani katoa kiasi gani, na kwa shughuli ya siku moja desturi hiyo ina faida zake, lakini katika ugonjwa wa muda mrefu inaumiza pande zote, kwa sababu mgonjwa anajiona mdaiwa wa kila jina lililosomwa, na asiye na kitu anaona haya hata kuja kumsalimu. Kwetu vitu vyote viliwekwa katika kikapu kimoja: dagaa, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), unga, sabuni, na noti zilizokunjwa. Shemasi akanifikishia. Nilimsihi aniambie nani katoa nini ili niende kushukuru, akakataa, nikabaki na kazi ya kuwashukuru wote, hata wale ambao huenda hawakuwa na cha kuweka.

Jambo la pili ni kwamba waliendelea kunihesabu. Nilikuwa mhazini wa umoja wa akina mama, nao hawakuniondolea kazi hiyo. Waliniletea daftari nyumbani, nikapiga hesabu pembeni ya kitanda. Tulipokuwa tunachangia bati za kanisa, mtu mmoja mwenye nia njema alipendekeza jina letu liachwe. Mzee wa kanisa akajibu, "Mwalimu atatoa atakachoweza," na jina likabaki. Nilitoa kidogo sana. Lakini sijui kama ningeweza kuendelea kuupokea ule wema kama ningekuwa nimefutwa katika orodha ya watoaji.

Siwezi kuwaficha upungufu uliokuwepo. Ziko usiku ambazo aliyepangwa hakutokea. Watu walichoka, na baada ya miezi kadhaa zamu ilibaki mikononi mwa wale wale. Linalonisumbua zaidi ni kwamba wema ule ulinifikia upesi kwa kuwa mimi ni Mwalimu na nyumba yangu inajulikana. Mwaka ule ule alikuwepo mama mmoja mgeni, kibarua wa kuanika dagaa, aliyekuwa na mtoto mgonjwa katika chumba cha kupanga karibu na mwalo, na kwa kuwa alikuja ibadani kwa nadra, hakuna aliyekwenda kumuuliza lolote mpaka alipohama. Udogo wa kusanyiko unawafaa wale wanaoonekana. Asiyeonekana lazima atafutwe kwa makusudi, na kazi hiyo ni ya mashemasi.

Mume wangu alipoanza kuweza kujigeuza mwenyewe, nilimwambia shemasi kwamba zamu sasa inatosha, naye akaihamishia kwa mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Fundi cherehani akaendelea na Alhamisi yake kule.

Mwenyekiti ameniuliza kabla ya kikao kwamba makusanyiko yasiyo na wavuvi yafanyeje. Naomba mashemasi mkirudi nyumbani muandike kazi za watu wenu na saa zao, kabla hajaugua mtu yeyote. Walinzi wa usiku wanapumzika mchana, walimu wana likizo, mama ntilie wanamaliza kazi alasiri, wakulima wa Kisesa na Buhongwa wana miezi ya kiangazi isiyo na palizi. Andikeni pia vyumba vya kupanga vilivyo karibu na kanisa na nani anaishi humo, awe anakuja ibadani au haji, na hao waanze kutembelewa wiki hii.