Jinsi ya kuweka vigae vya tahadhari kwa wasioona

Karibuni tena. Leo niko Moshi mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Tazameni hapa: njia ya waenda kwa miguu inashuka taratibu hadi usawa wa barabara. Mwenye kiti cha magurudumu anapita bila shida. Lakini asiyeona alikuwa akigusa kwa fimbo nyeupe ukingo wa kabustoni, yale mawe ya pembeni mwa barabara, ndipo ajue barabara imeanza, na sasa ukingo haupo. Vigae hivi vinaziba pengo hilo.

Kwanza, chagua kigae. Hiki chenye vinundu vya duara, bapa juu, kinasema: simama, kuna hatari. Hiki chenye mistari mirefu kinasema: fuata huku. Usivichanganye hata kidogo! Niliwahi kukuta mistari inayomwongoza mtu moja kwa moja hadi kwenye magari, bila kinundu hata kimoja. Iliniuma sana. Lugha hii ya nyayo aliibuni Seiichi Miyake wa Japani mwaka 1965, na mwaka 1967 vigae vikawekwa mara ya kwanza mjini Okayama, jirani na shule ya wasioona.

Pima kimo cha kinundu kwa rula. Kiwango cha kimataifa, ISO 23599, kinataka milimita 4 hadi 5. Kikiwa kifupi zaidi, mguu haukisikii kupitia soli. Kikizidi, wazee watajikwaa.

Rangi nayo: pevingi hizi ni za kijivu, kwa hiyo nimechukua njano. Wengi wenye uoni hafifu bado wanaona rangi zikitofautiana.

Sasa vuta kamba. Vigae vienee upana wote wa mteremko, usiache upenyo pembeni. Ukipima kuelekea barabarani, Marekani wanataka ukanda wa vigae uwe angalau milimita 610, yaani sentimita 61. Ukiweka kigae kimoja chembamba ili kuokoa hela, mtu atakiruka kwa hatua moja bila kujua, na utakuwa umemdanganya.

Chimba, shindilia, mwaga mota, panga. Gonga kwa nyundo ya mpira huku ukiangalia pima maji: uso wa kigae ulingane na pevingi za jirani, vinundu pekee ndivyo vitokeze. Weka kizuizi bodaboda zisikanyage mpaka mota ishike vizuri.

Usisahau kufagia. Mvua za masika zikileta tope, vinundu vinafukiwa.

Mwisho, usijipime mwenyewe kwa kufumba macho. Wewe tayari unajua vilipo. Mwombe mtu anayetumia fimbo nyeupe aje, umlipe muda wake, atembee bila kuambiwa kitu. Akisimama kabla ya barabara, kazi imekubali. Akipitiliza, mshike mkono, kisha chukua tindo ubomoe.