Euro 20, duka la bei chee, na sufuria mbili

Haya, shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo. Subirini niiegemeze simu kwenye kopo la chumvi... hapo. Sauti inafika? Msinicheke hii kofia, nimeingia sasa hivi, nje kuna baridi ya kukata masikio, na mifuko hii miwili ndiyo video ya leo.

Leo Jumamosi. Kama hujaishi Ujerumani hutajua kwa nini nimekimbia hivi. Jumapili maduka yamefungwa, na ni sheria, si uvivu. Ukisahau vitunguu Jumamosi jioni, basi mpaka Jumatatu. Kwetu Tanga ungemtuma mtoto kwa Mpemba hata saa nne usiku. Huku utamtuma nani, na Mpemba yuko wapi?

Niko Essen, kwa wageni wa hapa jikoni kwangu. Essen kwa Kijerumani ni kula, na pia ni chakula. Nilipompigia mama kumwambia nimepata chumba mji unaoitwa hivyo, akasema, "Basi mwanangu hutalala njaa." Nikacheka, lakini mwezi wa kwanza nililala njaa mara kadhaa, si kwa kukosa hela, kwa kukosa kujua nanunua nini. Kila pakiti naishika, naigeuza, nairudisha.

Sasa hili duka nililotoka, Aldi, ni mzaliwa wa mji huu huu. Mama mmoja, Anna Albrecht, alifungua kiduka chake mwaka 1913 mtaa wa Schonnebeck. Baada ya vita vya pili wanawe wawili, Karl na Theo, wakakishika. Jina lenyewe ni Albrecht Diskont, limekatwa kichwa na kichwa. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndugu wakatofautiana, na inasemwa ugomvi ulikuwa sigara: mmoja anataka ziuzwe, mwingine anasema zitaibwa. Sisi tungeita wazee kikao. Wao wakagawana nchi, huyu kaskazini, yule kusini, kila mmoja na Aldi yake na nembo yake. Wajerumani wenyewe huo mpaka wanauita ikweta ya Aldi, na unapita hapa karibu yangu. Nikipanda treni ya mjini kwenda Mülheim, nimeshavuka ikweta na sijatoka hata jasho.

Nyumbani mnafikiri duka la bei chee ni la masikini. Jamani, pale nje leo nimepishana na Mercedes mbili. Huku kila mtu anaingia, mwanafunzi, bibi mwenye pensheni, daktari. Bei iko chini kwa sababu hakuna mbwembwe: bidhaa zimebaki ndani ya maboksi yake juu ya paleti za mbao, zile za kubebea mizigo, aina ni kama elfu mbili tu, na nyingi ni chapa za duka lenyewe. Toroli unalitoa kwa sarafu ya euro, ukilirudisha unapewa sarafu yako, kwa hiyo hakuna mtu wa kulipwa kukusanya matoroli. Na keshia! Zile alama za mistari zimechapwa kubwa, pande zaidi ya moja za pakiti, ili asipoteze muda kuzitafuta. Anavuta vitu kama mtu anayemwaga dagaa. Huwezi kupanga kwenye mfuko pale, unasomba tu ndani ya toroli, unalipa, unaenda kupanga pembeni. Siku ya kwanza nilianza kupanga mayai taratibu. Foleni nzima ilinyamaza, na mnajua ukimya wa watu wenye haraka ulivyo.

Haya, risiti hii hapa. Euro 19 na senti 64. Wale mnaoanza kuzidisha kwa shilingi, acheni, zidisheni na kodi ya chumba changu pia.

Kwanza samaki, kwa sababu nyama mimi sinunui pale, nanunua kwa Waturuki kwa ajili ya halali. Na wenzangu Waislamu mnaokuja huku, nisikilizeni vizuri kwenye nyama ya kusaga. Ukiona imeandikwa gemischt, maana yake mchanganyiko: ng'ombe na nguruwe humo humo. Mwaka wangu wa kwanza nilikunja sambusa arobaini za futari kwa nyama hiyo. Ni mwenzangu Mmoroko aliyeliona lile karatasi kwenye pipa la taka. Sambusa zote zilikwenda kwa jirani, alifurahi mpaka leo ananiuliza lini tena. Unayoitafuta ni Rind, ng'ombe. Na kama na uchinjaji wenyewe unakuhusu, rudi kwa Mturuki.

Samaki wangu ni huyu. Makrele ya moshi, vipande viwili kwenye plastiki, yupo hapo kwenye friji karibu na jibini. Mtazameni mgongo. Si kibua huyo? Ni ukoo mmoja kabisa, ila huyu ni wa bahari ya baridi, amenenepa mafuta. Na kwa kuwa ameshapita kwenye moshi, kwangu anafanya kazi ya papa mkavu au ng'onda. Nilihangaika miezi nikitafuta samaki mkavu wa kwetu, nikaagiza mpaka Uholanzi, bei ikaniumiza tumbo kabla sijala. Kumbe yuko chini ya pua yangu, Wajerumani wanamla baridi na mkate!

Mboga ni hii, Grünkohl. Mkenya yeyote ataniambia hii ni sukuma wiki iliyosukwa nywele. Msimu wake ni huu wa baridi, na wazee wa huku wanasema barafu ikiipiga inakuwa tamu zaidi. Nunueni mbichi, au ile ya friza isiyo na kitu. Ile ya chupa imeshapikwa, na mara nyingi ina mafuta ya nguruwe. Tafuteni neno Schmalz, mkiliona rudisheni chupa. Mchicha wa friza nao upo, chagueni wa majani matupu, Blattspinat. Jina likianza na Rahm umewekwa krimu, na krimu na nazi haviishi nyumba moja.

Unga wa ngano una namba, 405 au 550. Nilidhani ni bei, kisha nikadhani ni tarehe. Ni majivu, jamani! Wanaunguza gramu 100 za unga, wanapima majivu yaliyobaki kwa miligramu. 405 ni mweupe sana, wa keki. Kwa chapati chukueni 550, unavutika, haukatiki ukisukuma. Ila siku ya chapati fungua dirisha kwanza. Juu hapo, mnaona kile kidude cheupe darini? Kikinusa moshi kinapiga kelele mpaka nyumba ya tatu. Mimi na ufagio tumeshapigana nacho sana.

Maharage ya kopo haya mekundu ni chini ya euro moja, lakini someni nyuma, mengi yana Zucker, sukari. Yamwageni kwenye chujio, yaosheni kabisa ndipo mtie nazi. Kabichi, msichukue ile ya mviringo ngumu kama jiwe la kusagia, chukueni iliyochongoka, Spitzkohl, inalainika upesi. Na hii, Milchreis, mchele wa punje fupi wa kupikwa na maziwa. Bei yake ilinivutia, nikapika pilau ya wageni. Ukatoka ubwabwa wa mtoto anayeota meno, umejaa viungo. Sasa naijua kazi yake: nauloweka usiku nusu kwa nusu na mchele mrefu, nasaga na tui na iliki, natia hamira, natoa vitumbua. Hiyo ni video nyingine, karai langu la vitumbua limekuja na shangazi kwenye begi, uwanja wa ndege wakamfungulisha wakidhani ni kipuri cha gari.

Nivue koti sasa tupike, maana njaa inauma.

Sufuria ya kwanza. Mafuta kidogo sana, kwa sababu samaki anayo yake. Vitunguu viwili, nakata vyembamba. Thomu, tangawizi. Acheni vitunguu vilainike, msiviunguze, tunataka utamu. Bizari ya manjano nusu kijiko. Pilipili hii imetoka kwa Mturuki, ya Aldi haina makali. Nyanya ya kopo, ile iliyosagwa bila ngozi, kama kikombe kimoja. Hapa usiwe na haraka. Nyanya ya kopo ina uchachu, ikikaangwa kidogo tu mchuzi wote utakuwa mkali. Kaanga mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni.

Wakati huo namchambua samaki. Ngozi inavuka yenyewe, tazama. Miba mikubwa naitoa, namvunja vipande vikubwa. Usimvuruge, ameshaiva, ukimkoroga atakuwa tope.

Sasa tui. Kopo hili usilitikise. Likikaa kwenye baridi, tui zito linapanda juu, jepesi linabaki chini, kama vile umekuna nazi mwenyewe ukakamua mara mbili. Nafungua, nachota lile zito naweka kando, hili jepesi natia kwanza na maji nusu kikombe. Likichemka, samaki anaingia. Dakika tano, moto mdogo. Halafu tui zito, na hapo unakoroga upande mmoja taratibu mpaka lichemke, lisikatike. Chumvi sijatia. Sijatia kabisa! Huyu samaki ana chumvi yake ya moshini. Onja mwisho. Limau nakamua nikishaepua.

Jamani, harufu. Laiti simu ingekuwa inapitisha.

Sufuria ya pili ni Grünkohl. Natoa ule uti wa kati, ni mgumu, hauivi leo. Nakatakata, naosha maji matatu kwa sababu kwenye yale mawimbi kuna mchanga. Kitunguu, nyanya kidogo, mboga ndani, maji kikombe kimoja, funika. Sukuma ya kwetu dakika tano imetosha, hii nipe robo saa. Ukitaka, mwishoni tia kijiko cha siagi ya karanga isiyo na sukari. Leo nazi iko upande wa pili, naiacha kavu.

Na ugali? Hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Sembe pale haipo, ila kuna hii, polenta, chakula cha Waitaliano, mahindi ya njano yaliyopasuliwa. Ukiipika kama ilivyo unapata kitu kama mchanga uliolowa. Mimi naitia kavu kwenye blenda, nasaga, nachekecha, ya juu narudisha nasaga tena. Kisha uji kwanza, uchemke vizuri, ndipo unga uingie kidogo kidogo. Na mama asisikie hii: kiganja kimoja cha unga wa ngano kwa kushikanisha. Unashika sasa, mwiko unasimama. Tazama rangi hiyo. Walioishi miaka ya unga wa msaada wanajua tuliuitaje, ugali wa Yanga. Mimi Simba damu, na kila Jumamosi naipika Yanga kwa mikono yangu mwenyewe halafu naila. Angalau nafaidi!

Kuna dada alinilalamikia kwamba nawafundisha watu kula vitu vya kuigiza, kwamba ugali wa polenta si ugali. Dada yangu, unga wa sembe upo, duka la Waafrika liko mjini, mfuko mdogo bei yake nanunua polenta tatu. Siku ya sikukuu nanunua. Mtu aliyefika jana, anasubiri karatasi zake, ana euro 20 mpaka Ijumaa, nimwambie asubiri sembe? Ninachomwambia ni aingie dukani asitafute jina, atafute kazi. Nani atafanya kazi ya ng'onda, nani ya mchicha. Ningelijua hilo mwezi ule wa kwanza nisingelala na mkate mkavu.

Haya, nimepakua. Bismillah. Ngoja ninyooshe tonge muone lilivyoshika... linashika. Chovya. Mmh. Mmh! Limau limezidi kidogo, nakiri. Lakini nazi imekaa, samaki hajavunjika, na hii mboga ina utamu fulani wa mwishoni, kweli ile barafu imefanya kazi.

Nimebakiza makrele kipande kimoja na mboga nusu sufuria, kesho mchana hiyo. Maharage Jumatatu, chapati Jumanne. Mayai kumi sijayagusa.

Alaa, na chupa! Nimetoka nyumbani na mfuko wa chupa tupu za plastiki, kila moja senti 25 kwenye mashine pale mlangoni, nimerudi nao hivi hivi, uko kule mlangoni unanitazama. Euro tatu nzima. Basi mpaka Jumatatu.

Chaji imebaki asilimia nne, nizime, ugali unapoa.