Mtoto Aandikwe Mama Akiwa Bado Amekaa

Ndugu zangu wauguzi na matabibu, na ninyi wenye vituo binafsi mliofunga kazi asubuhi hii ili mje, asanteni sana.

Nina mama mmoja ambaye sijamsahau. Alikuja kliniki akitokea mashamba ya mkonge, mtoto wa miezi 10 mgongoni. Kadi hana, ililoweshwa na mvua. Namuuliza, mtoto kapata chanjo zipi? Ananijibu, "Nesi, sindano za paja zote nilimpeleka." Zote ngapi? Hajui. Nikafunua bega, kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, nikaliona. Ushahidi wangu ukaishia hapo. Penta, ile chanjo moja ya magonjwa matano, na chanjo ya nimonia, zote nikazihesabu kuwa hajapata, maana bila maandishi hatuna ruhusa ya kubahatisha. Mtoto akalia kwa sindano ambazo huenda alishachomwa, na mama akalia naye.

Kumbe kule alikotoka kulikuwa na kishikwambi cha kuandikia watoto wanaochanjwa, kimelala kabatini. Jina la mtoto lingeingizwa siku ile alipochanjwa, ningelitafuta nikaliona.

Mfumo huu wa rejista ya kielektroniki ya chanjo, TImR, si mgeni kwetu. Ulianzia Arusha, ukaja hapa Tanga, ukaenda Kilimanjaro. Lakini bado wengi wetu tunauona kuwa ni ripoti ya wakubwa. Hapo ndipo ninapobishana nanyi. Ile karatasi ya vijistari, tunayochora kistari kwa kila dozi, ndiyo ya wakubwa! Inasema jana nimechoma Penta ya tatu kwa watoto 12. Haiwezi kuniambia ni nani alipata ya kwanza wiki ya 6, asionekane wiki ya 10 wala ya 14. Rejista inamtaja kwa jina, na jina la mama, na kitongoji. Nikiwa na jina, nampigia simu mhudumu wa afya ngazi ya jamii, jioni anabisha hodi.

Tuchukue chanjo ya surua na rubela, kwa sababu hapa ndipo tunapoumia. Kichupa kina dozi 10, na kikishachanganywa, baada ya saa 6 kilichobaki kinamwagwa. Anakuja mama na mtoto wa miezi 9, yuko peke yake. Nesi anaogopa kumwaga dozi 9, anasema, "Mama, rudi Alhamisi." Alhamisi ni siku ya gulio, mama harudi. Mimi nasema fungua kichupa, mtoto aliye mbele yako ni wa thamani kuliko dozi hizo. Lakini rejista ikiwa hai, unajua mapema kwamba wiki hii watoto 8 wamefikisha miezi 9 na wengine 5 wamefikisha miezi 18, umri wa dozi ya pili, unawaita siku moja, hasara inapungua. Na surua haina huruma. Kuizuia kunataka watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa.

Wenzetu wa vituo binafsi, nawaomba kwa namna ya pekee. Mtoto anazaliwa kwenu, mnampa BCG na matone ya polio, wiki ya 6 anapelekwa zahanati ya kijiji. Msipomwandika, kule anapokelewa kama mtoto asiye na historia.

Najua mtasema kazi inakuwa mara mbili, daftari kisha kishikwambi. Ni kweli, nami nawaambia viongozi wetu waliokaa hapa mbele: wapunguzieni wauguzi madaftari, mtu mmoja anayehudumia akina mama 40 hawezi kuandika jambo moja mara 3. Mtandao ukikatika, taarifa zinakaa kwenye kifaa, ukirudi zinakwenda. Kinachotuangusha ni kuahirisha. Tunasema nitaingiza jioni, jioni anakuja mjamzito mwenye uchungu, na kesho kadi zimeshakwenda nyumbani na wenyewe.

Vishikwambi viko pale mezani nyuma. Baada ya chai nitabaki. Njoo na daftari lako, tukae tuwaingize watoto wa wiki hii, mmoja mmoja, tukianza na wa kambi za mkonge.