Bibi Anaponyamaza: Kuchorea Watoto Ngano za Kusini

Shikamooni wazee wetu. Habari za asubuhi walimu, nanyi vijana mliokuja Mtwara na penseli zenu.

Hadithi yangu ya kwanza ya picha ilikuwa ya Sungura na Fisi, niliyosimuliwa Newala. Kabla ya kuipeleka kiwanda cha uchapaji niliirudisha kwa bibi aliyenisimulia, nikamwekea mapajani. Alitazama jalada, akafungua ukurasa wa kwanza, akafunga. Akasema, “Mjukuu wangu, Fisi umeshamtoa nje. Sasa mtoto asubiri nini?”

Nilikuwa nimemchora Fisi jaladani, nikamrudia ukurasa wa kwanza, meno yote nje. Bibi mwenyewe alipotusimulia, alikaa na Fisi gizani muda mrefu. Kwanza mbuzi waliacha kulia. Kisha ikaja harufu. Kisha bibi akanyamaza, akachochea moto, akatutazama mmoja mmoja. Sisi tuliokuwa pale tulikuwa tumeshikana mikono kabla Fisi hajaingia.

Ninayotaka kuwaeleza leo ni namna ya kuutia ule ukimya ndani ya karatasi. Maneno ya ngano kila mmoja wetu anaweza kuyaandika akapata. Ukimya ndio unaopotea.

Mtoto akifungua kitabu, kurasa mbili ziko mbele ya macho yake kwa pamoja. Kabla hajasoma neno la kwanza upande wa kushoto, ameshaiona picha kubwa ya kulia. Kwa hiyo siri usiiweke kulia. Iweke kushoto, nyuma ya karatasi, ikae hapo mpaka mkono wa mtoto uigeuze. Kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa kulia ndipo mahali pa bibi kunyamaza: mlango umeachwa wazi kidogo, mama ameinua kibatari, hakuna puto la maneno. Kurasa za kushoto ni zile za namba shufwa, basi hesabuni mapema. Kitabu cha kubana pini katikati hutokana na karatasi zilizokunjwa, na kila karatasi huzaa kurasa 4, kwa hiyo utapata kurasa 16, 24 au 32. Mshtuko ukiangukia ukurasa wa 9, ongeza picha moja kabla yake au punguza moja. Mimi huanza kwa vijikaratasi vidogo vilivyokunjwa, nachora vijiti vya watu tu, nageuza na kugeuza mpaka nipate mahali pa kuvuta pumzi.

Chukueni kisa cha Kilwa Kisiwani, maana naona ni kisa kilichozaliwa kiwe picha. Tarikh ya Kilwa, kitabu cha kale cha historia ya kisiwa hicho, inasimulia kwamba Ali bin Hasan, aliyekuja kutoka Shirazi, Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo za rangi mbalimbali zenye urefu wa kukizunguka kisiwa chote. Mwenye kisiwa akapokea nguo, akavuka kwenda bara. Siku zile maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu, naye alikusudia kurudi akichukue kisiwa chake. Aliporudi akakuta mkondo umechimbwa, maji hayapwi tena.

Nikikichora, nguo ile itapita chini ya kila ukurasa, bila kukatika, kutoka jalada la mbele mpaka la nyuma. Mtoto ataifuata kwa kidole. Itapita juu ya mikoko, itapita kwenye mawe ya pwani, mahali fulani kaa atakuwa ameikanyaga. Wakubwa wanabishana huko juu, nguo inakwenda zake. Halafu yule mwenye kisiwa anashuka ufukweni usiku na watu wake, ukurasa wa kulia, ameinua mguu. Geuza. Maji, kurasa mbili nzima, na mtu mdogo sana ukingoni.

Lakini angalieni mtachora nini nyuma yake. Msanii mmoja kijana aliniletea kisa hiki na pwani yake imejaa mikorosho. Nilimwelewa, maana mtoto wa Lindi akifumba macho anauona mkorosho. Ila mkorosho asili yake ni Brazili, na uliletwa huku na Wareno, ambao walitia nanga Kilwa mara ya kwanza mwaka 1500. Ali bin Hasan ni wa karne nyingi kabla yao. Muhogo na mahindi navyo vimetoka Amerika. Chora mbuyu, chora mtama. Mtoto anayaamini macho yake kuliko maneno yetu, na picha ya uongo atakaa nayo mpaka uzeeni. Kwa ngano za Sungura ambazo hazina mwaka, mikorosho ruksa, na ming'oko, vile viazi vya porini, ichemke chunguni, mtoto acheke kwa kukiona chakula cha kwao kitabuni.

Jambo la mapiko, vinyago vya ngoma ya Wamakonde, nalisema taratibu mbele ya wazee. Kinyago cha lipiko kinachezwa hadharani, kila mtu anakiona, basi kichoreni kikicheza. Yaliyo ndani yake, na yanayofundishwa jandoni na unyagoni, si yetu kuyaanika. Akija mtu na fedha akataka “siri za Wamakonde” kwenye vibonzo vya watoto, mrudishieni fedha zake. Mimi niliwahi kurudisha, na nyumbani hali ilikuwa ngumu kweli.

Mzee mmoja ameniuliza hapo nje kama mambo haya ya kuchora hadithi si ya kigeni. Mzee wangu, mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala, akawapa wenyeji na wapagazi wake penseli na karatasi. Michoro yao ipo katika kitabu chake. Walichora walichokiona, bila mwalimu. Na George Lilanga, Mmakonde wetu aliyezaliwa mwaka 1934, alianza na uchongaji, akaja kuwahamishia mashetani kwenye rangi: masikio makubwa, matumbo ya duara, mistari minene. Vijana, kabla ya kuiga macho makubwa ya katuni za Japani, kaeni siku nzima na picha zake.

Rangi ni gharama, najua. Chapeni kwa wino mweusi mtupu. Mpingo wenyewe ni mti wa rangi mbili, moyo mweusi na ganda jeupe, na wachongaji wetu wamefanya nao maajabu.

Sauti nazo tunazo. Sungura akianguka majini ni chubwi, mchangani ni tifu, matopeni ni tapwi. Ziandikeni kubwa, ziwe sehemu ya picha, zilowane, zijae vumbi. Na wimbo wa ngano uachieni nafasi pana, kwa lugha yake ileile, Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua. Mwalimu akifika pale ataacha kusoma, darasa liimbe.

Sasa nimesema vya kutosha. Mbele yenu kuna karatasi mbili zilizokunjwa, kurasa 8. Bibi wa Newala tumekuja naye, ndiye huyo aliyekaa kwenye mkeka. Penseli ziwekeni chini kwanza. Hesabuni tu ni mara ngapi atanyamaza, na kila mara kumbukeni mlikuwa mnaogopa nini.

Bibi, karibu.