Kushuka Kilema kwa Baiskeli: Jua Juu, Mvua Chini

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo ni baiskeli na Mlima Kilimanjaro, njia ya Kilema. Kaka Elia, naomba tusianzie getini kama kila mtu anavyofanya. Tuanzie kule juu, kambi ya Kibo, pale unapogeuza usukani kushuka.

ELIA: Sawa, dada. Kambi ya Kibo iko mita 4,720. Asubuhi unatoka nje, anga haina hata wingu moja, kilele cha Mawenzi kimesimama mbele yako. Mgeni anasema, leo hali ya hewa ni nzuri, tunywe chai taratibu. Mwongozaji wetu hata hakutazama juu. Alitazama chini, kwenye mawingu yaliyolala juu ya msitu, akasema, "Fungeni mizigo."

NEEMA: Aliona nini?

ELIA: Aliona saa. Jua likishapasha joto miteremko ya kusini, hewa yenye unyevu inaanza kupanda kutoka msituni. Siku nyingi kabla ya saa sita mchana ukungu umeshafika kambi ya Horombo, iliyo chini ya Kibo. Kwa hiyo wewe unashuka, wingu linapanda, mnakutana njiani.

NEEMA: Watu wengi wanadhani kadiri unavyopanda ndivyo mvua inavyozidi.

ELIA: Kilimanjaro sivyo. Upande wa kusini mvua kubwa iko msituni. Kwenye mwinuko wa kama mita 2,200 inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Lile jangwa kati ya Kibo na Mawenzi halipati hata robo ya hiyo. Mtu wa miguu anayepanda anaanza na tope, anamalizia na vumbi. Sisi wa baiskeli tunaposhuka ni kinyume chake: mwendo ni mkubwa, mwili umechoka, na mvua inakungoja chini.

NEEMA: Na baridi je? Maana kushuka unarudi kwenye joto.

ELIA: Hesabu ya mlima inasema hivyo, kila mita 1,000 joto linabadilika kama nyuzi 6. Lakini mwili una hesabu yake. Ukipanda unakanyaga pedali, damu inachemka. Ukishuka miguu imetulia, hutengenezi joto, upepo unakupiga kifuani, na nguo zina jasho la jana. Kinachoganda kwanza ni vidole. Na vidole ndiyo breki zako!

NEEMA: Hapo ndipo panaponitisha mimi.

ELIA: Panatisha kweli. Glovu zikilowa, utabana breki lakini huna hisia kama umebana kidogo au sana. Ndiyo maana mimi husema glovu jozi mbili, na ile kavu isikae kwenye begi la mpagazi. Mpagazi anatembea, wewe uko kwenye magurudumu. Mvua ikianza yeye yuko mbali nyuma. Koti la mvua, glovu, kofia ya sufu ya kuvaa ukisimama, vyote mgongoni mwako.

NEEMA: Hebu niambie njia yenyewe ikoje.

ELIA: Kutoka Kibo hadi Horombo ni changarawe na vumbi la volkano, halafu mawe. Hapo tunapita na watembea kwa miguu. Nalisema hili kwa moyo wote: ukimwona mgumu, yaani mpagazi, ana mzigo kichwani, wewe ndiye unayesimama. Shuka, weka baiskeli pembeni, msalimie, apite. Yule ana kilo nyingi shingoni na pumzi yake ni ileile fupi kama yako. Kule hewa inakupa zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ya pwani.

NEEMA: Ahsante kwa hilo. Na chini ya Horombo?

ELIA: Horombo ni mita 3,720. Hapo Kilema inajitenga, ni ile barabara mbovu ambayo gari la uokoaji hupandia. Ni pana, ina makorongo ya maji na mawe yaliyolegea. Ikiwa kavu, raha tupu! Senesio, ile mimea mikubwa ya mlimani, zinakupita, kisha vichaka, kisha unaingia msituni. Ikilowa, udongo unageuka sabuni.

NEEMA: Kwenye tope unafanyaje?

ELIA: Unapunguza upepo kidogo kwenye matairi kabla ya kuingia, sio baada ya kuanguka. Unarudisha uzito nyuma, breki unazigusa na kuachia, hubani moja kwa moja. Breki za diski ni muhimu. Zile za kubana rimu zikilowa hushikilia vibaya, na vumbi lile la volkano linazila.

NEEMA: Na mtu akianza kuumwa kichwa kule juu, kichefuchefu, halafu mvua inakuja?

ELIA: Anashuka, lakini hapandi baiskeli. Anayeyumba kwa ugonjwa wa mwinuko hana mizani. Anatembea na mwongozaji, baiskeli inasukumwa na mwingine. Hilo hatulijadili njiani, tunakubaliana kabla ya kutoka Moshi.

NEEMA: Miezi gani unamshauri msikilizaji?

ELIA: Januari na Februari, au Juni mwishoni hadi Septemba. Masika, Machi hadi Mei, uachie msitu unywe maji. Ila hata Agosti, dada, ondoka Kibo mapema.

NEEMA: Wiki ijayo tutamleta fundi baiskeli atuoneshe kubadilisha pedi za breki mkiwa kambini. Tuma maswali yako kabla ya Jumatano.