Upande wa Pili wa Santuri: Kuitazama Upya The Cotton Club

Hamjambo wana Kisumu. Wengi wenu mnaijua santuri ndogo ya benga, ile ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande wa kwanza mwimbaji anasimulia: anamsifu fulani, anamlaumu fulani, anatuma salamu Ahero. Kisha sauti inafifia wimbo ukiwa bado moto, na huna budi kuinuka uigeuze. Upande wa pili ndipo gitaa linapoachiliwa, besi inajibu, na waliokuwa wameketi wanasimama. Sasa chukueni mtu aliyesikia upande wa kwanza tu, akaandika kwamba benga ni maneno mengi na dansi kidogo. Sinema ya jioni hii ilihukumiwa hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ni The Cotton Club ya mwongozaji Francis Ford Coppola, iliyotoka Desemba 1984. Ilimeza takriban dola milioni 58, na tiketi za Marekani zikarudisha karibu milioni 26. Wahakiki waligawanyika. Wapo walioisifu kwa muziki, mavazi na mandhari. Wapo waliosema ni hadithi mbili zilizofungwa kwa kamba moja bila kujuana. Iliteuliwa kuwania Oscar mbili, ya usanifu wa mandhari na ya uhariri, ikatoka mikono mitupu.

Hadithi ya kwanza ni ya Dixie Dwyer, Mzungu mpiga korneti, aina ya tarumbeta fupi, anayeigizwa na Richard Gere. Anamwokoa jambazi Dutch Schultz, na wema huo unamfunga: anageuzwa mtumishi wa jambazi, kisha anampenda Vera, kimada wa jambazi huyo huyo. Ya pili ni ya Sandman Williams, mchezaji Mweusi wa dansi ya tap, ile ya kugonga sakafu kwa viatu vyenye chuma, na kaka yake Clay. Wanaigizwa na Gregory na Maurice Hines, ndugu wa tumbo moja hata nje ya sinema. Sandman anampenda mwimbaji Lila Rose Oliver, anayeigizwa na Lonette McKee, mwanamke ambaye ngozi yake ni nyeupe kiasi cha kupita kama Mzungu akitaka.

Klabu yenyewe ilikuwepo kweli, Harlem, New York, pembeni mwa Lenox Avenue na mtaa wa 142. Bondia Jack Johnson alikuwa na ukumbi hapo mwaka 1920. Jambazi Owney Madden akauchukua 1923 na kuubadilisha jina. Jukwaani walikuwa Weusi, mezani walikuwa Wazungu. Mapambo yaliigiza shamba la watumwa na pori. Bendi ya jazi ya Duke Ellington ilianza kazi hapo Desemba 1927 ikakaa hadi 1931, na matangazo ya redio kutoka ukumbini yakalipeleka jina lake nchi nzima, nyumba kwa nyumba, hata kwa watu ambao mlango wa klabu ungewafukuza. Hilo halihitaji maelezo marefu hapa. Enzi za ukoloni mji huu nao ulikuwa na milango ambayo Mwafrika aliipita akiwa amebeba sinia.

Basi sinema kuhusu nyumba kama hiyo lazima ijibu swali moja: kamera imeketi wapi? Ikiketi mezani, wachezaji ni burudani tu. Ikienda nyuma ya pazia na kubaki huko, wachezaji ni watu wenye kazi, deni, wivu na ndugu. Nionavyo mimi, Coppola alikusudia zote mbili, meza na nyuma ya pazia, na toleo la 1984 likabakisha meza.

Kwa maelezo yake mwenyewe, wenye fedha walilalamika kwamba dansi ilizidi na Weusi walizidi. Kukatwa kukafuata. Miaka mingi baadaye akapata kanda ya video ya Betamax yenye toleo la awali, refu zaidi. Alitumia takriban dola nusu milioni kutoka mfukoni mwake kuirejesha kazi hiyo. Ikaonyeshwa kwenye tamasha la sinema la Telluride, Marekani, mwaka 2017, kisha kumbi za sinema mwaka 2019, kwa jina The Cotton Club Encore. Toleo la zamani lina dakika 127, hili lina 139. Msidhani ni kuongeza tu: ziliingia kama dakika 24 na zikatoka kama 13. Alipunguza upande wa majambazi ili uzani urudi mahali pake.

Angalieni Stormy Weather. Ni wimbo wa Harold Arlen na Ted Koehler, na Ethel Waters aliuimba katika klabu hiyo hiyo mwaka 1933. Katika Encore, Lila anauimba. Anasimama, mwanga uko usoni, na tunamtazama mwanamke anayejua kwamba rangi yake inamfungulia mlango unaomfungia mpenzi wake. Hakuna mazungumzo yanayolieleza hilo vizuri kuliko wimbo. Uking'oa wimbo, Lila anabaki msichana wa Sandman, basi. Katika sinema ya muziki wimbo ukikatwa, hoja imekatwa.

Sasa tuje kwenye viatu, maana hapa ndipo fundi anapojulikana. Kiatu cha tap kina vipande viwili vya chuma, kimoja chini ya vidole, kingine chini ya kisigino, jumla vinne kwa jozi. Vidole hutoa mlio mwembamba, kisigino mzito. Skrubu ikilegea, chuma hulialia na mapigo mawili husikika kama matatu. Sakafu iwe ya mbao. Saruji huua mlio na kuumiza magoti. Kwenye sinema nyingi za aina hii picha hupigwa kwanza, kisha mchezaji huingia studio na kuzigonga upya hatua zake akijitazama kwenye skrini. Maikrofoni ikisogezwa karibu mno, mlio unasikika umo sikioni ilhali mchezaji yuko mbali jukwaani. Hapo mtazamaji huacha kuamini, hata kama hajui kwa nini.

Halafu kuna hesabu ya mhariri. Filamu huenda fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika unampa mhariri fremu 12 kwa kila pigo. Mapigo 240, fremu 6 tu. Ukikata fremu mbili nje ya mahali pake kwenye mwendo huo, umepoteza theluthi ya pigo, na mguu utaonekana umechelewa hata kama mchezaji hakukosea. Ndiyo maana dansi hupendeza ikipigwa picha mwili mzima, kwa muda mrefu, bila kukatwakatwa. Lawama ya haki dhidi ya toleo la 1984 ni hii: mara nyingi dansi inaanza, unaanza kuifuata, kisha tunapelekwa kwa majambazi. Encore inazipa dansi kadhaa nafasi ya kufika mwisho.

Kuna mahali pamoja ambapo kukatakata ndiyo sanaa yenyewe. Karibu na mwisho Sandman anacheza peke yake, bendi imenyamaza, unasikia chuma na mbao tu. Huku Dutch Schultz anauawa. Picha zinapishana, miguu na bunduki, miguu na bunduki, hadi sikio halijui tena mlio upi ni wa nini. Tazameni miguu ya Hines wakati huo: haiongezi kasi kwa hofu, inashikilia mwendo wake. Zile hadithi mbili zilizodaiwa kutojuana zinakutana hapo, kwenye mdundo.

Encore haiponyi kila kitu. Penzi la Dixie na Vera bado ni jembamba. Gere alipiga korneti yake mwenyewe, na inasikika vyema, lakini mhusika hana shauku ya mtu anayepiga. Muda wake ungepunguzwa zaidi.

Wenye nakala nyumbani, kagueni muda kabla ya kubishana. Kanda za video za mfumo wa PAL, tuliozoea Kenya, ziliendesha filamu kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24. Dakika 127 zinakuwa 122 hivi, na hakuna kilichokatwa. Encore ingeshuka hadi 133 hivi. Kasi hupanda kama asilimia 4, na sauti hupanda nayo, pungufu kidogo ya nusu toni. Mpiga gitaa akijaribu kuifuata bendi ya Ellington kwenye kanda hiyo, gitaa lililotyuniwa sawasawa halitapatana nayo, na asiilaumu korneti.

Tutatazama vipande vitatu: Stormy Weather, ndugu wawili wanapopatana jukwaani, na ile dansi bila bendi. Cha tatu tutakiona mara mbili, mara ya kwanza skrini ikiwa imefunikwa, muhesabu mapigo kwa masikio. Naomba taa zizimwe.